Jubilei ya Dhahabu Ndani ya Lady Rosalind

Jumamosi, 8 Juni. Southampton.

Tumepanda meli. Lady Rosalind ni kubwa kuliko mtaa wetu wote wa Stockport, na ina wazee wengi zaidi. Chumba chetu hakina dirisha. Glenys kasema hatukuja baharini kuitazama bahari tukiwa tumelala. Mke wangu huridhika upesi. Ndiyo maana aliolewa nami.

Chakula cha jioni: balaa! Tumewekwa karibu na mlango wa jiko. Kila mhudumu akitoka, mlango unanigonga kisogoni. Mezani tuko na watu wa Paisley, Ken na Moira Haddow. Ken alikuwa mwoka mikate. Hucheka mdomo umejaa. Kanipiga mgongoni na kuniita "mzee mwenzangu". Mimi nina miaka sitini na minane tu!

Kule dirishani, meza za wawili wawili. Vitambaa vyeupe, ua ndani ya glasi, bahari nzima mbele yako. Na moja tupu! Nikamfuata Agnelo, mkuu wa wahudumu, Mgoa mwenye masharubu ya heshima. Kanieleza kwa adabu kwamba zile ni za maharusi na wanaosherehekea jubilei. Ulimi wangu ukatangulia. Nikamwambia mimi na mke wangu tunatimiza jubilei ya dhahabu wiki hii hii. Akashika moyo wake. Karibu alie.

Si uongo. Ni kukadiria kwa kwenda juu. Tuna miaka arobaini na miwili katika ndoa, na hamsini ni jirani yake. Tarehe yenyewe sikumbuki, ni wakati fulani wa joto. Glenys ndiye mtunza tarehe. Lakini hesabu niliipiga kabla ya kusema: miaka hamsini iliyopita nilikuwa na kumi na minane. Inawezekana. Na mtu asinifundishe uaminifu. Nimekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo maisha yangu yote. Wachinjaji wa Stockport waliokuwa wakiibonyeza mizani kwa kidole gumba bado huvuka barabara wakiniona.

Jumapili, 9 Juni. Baharini.

Dirishani! Asubuhi samaki wa moshi na mayai, mawimbi yakipita chini ya kiwiko changu. Nikamwinulia Ken kikombe kutoka mbali. Mlango wa jiko ukamgonga. Asubuhi tamu kuliko zote tangu nistaafu.

Glenys kauliza kwa nini tumehamishwa. Nikamjibu Agnelo ana jicho la kumtambua mtu wa maana. Kanitazama kwa muda mrefu, kisha karudi kwenye mayai yake.

Mchana mambo yakaharibika. Wahudumu wakaja kwa mstari wakiimba, na keki, na juu ya keki namba 50 ya sukari. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Glenys alitabasamu kwa meno tu. Kaninong'oneza: "Trevor, hiyo hamsini ni ya nini?" Nikamwambia akate keki kwanza, watu wanatazama.

Mara Moira huyo, mikono wazi. Kumbe wao ndio wenye jubilei ya dhahabu kwelikweli, wiki hii hii, na hawakumwambia mtu! Nikamuuliza Ken mbona hawakudai meza ya dirishani. Kasema karibu na jiko mkate hufika ukiwa moto. Mjinga.

Kisha Moira akamuuliza Glenys aliolewa akiwa na umri gani.

Ole wangu! Nilikuwa nimepiga hesabu yangu, yake sikuipiga. Glenys ana sitini na mitatu. Toa hamsini. Kumi na mitatu! Hiyo si jubilei, hiyo ni kesi ya polisi. Nikawahi kujibu: mke wangu alikuwa na ishirini, sasa ana sabini, ila amejitunza.

Glenys akaweka kisu chini polepole. Moira akasema, "Sabini! Mama weh, uso wako haujapata habari!" Glenys kamshukuru. Mimi hakuniambia neno mpaka chai ya saa kumi. Na hata hapo: "Pitisha jamu."

Skonzi zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 10 Juni. Bergen.

Mvua. Nilishuka na koti langu lenye kofia, maana kofia ni silaha. Soko la samaki la hapa huonjesha bure. Nikaonja samoni na kofia kichwani. Nikazunguka, nikaonja tena bila kofia. Nikazunguka, nikavaa miwani. Raha ya kustaafu ni hii, muda wa kufanya jambo vizuri. Ila mara ya nne mwanamke wa Kinorwe mwenye meza ile alinipa mfuko na kuniambia kwa Kiingereza safi, "Haya, babu, chukua na za kesho." Sikumwelewa alimaanisha nini. Nilichukua.

Glenys hakuwa nami. Kaenda kununua uzi wa sufu na Moira. Wakati wa kushuka, kila mtu alitaka kumshika mkono. Polepole mama! Angalia ngazi mama! Tamsin, binti msimamizi wa burudani, alikuwa amekwisha kumtangaza kwenye spika za meli nzima: bibi wetu wa dhahabu, miaka sabini! Jioni wakaja kumchukua kwa mazoezi ya viti, yale ya waliovuka sabini. Hakuweza kukataa bila kunianika. Kwa hiyo alikwenda, akakaa kwenye kiti, akainua mguu wa kulia, akainua wa kushoto. Glenys, ambaye nyumbani hupanda mlima kila Jumapili! Karudi uso mwekundu. Kasema amekutana na wanawake wazuri sana na amewaeleza mengi juu yangu. Nikafurahi.

Habari nyingine. Tamsin kaja mbio: nahodha mwenyewe ataziongoza jozi zote mbili za dhahabu, sisi na akina Haddow, kurudia viapo vya ndoa siku ya Alhamisi, mbele ya abiria wote. Glenys kaniambia nikatae, sasa hivi, leo. Nikafungua mdomo nikatae. Tamsin akataja shampeni, picha ndani ya fremu, na chakula mezani kwa nahodha.

Nimekubali.

Jumanne, 11 Juni. Flåm.

Garimoshi la kupanda bonde. Maporomoko kila upande. Nilitaka upande wa kushoto, Ken kauwahi. Nikamwambia wa kulia ndio bora. Akaniamini, akahama. Kumbe poromoko kubwa kuliko yote liko kulia! Ken alilishangilia kama amelijenga yeye.

Njiani kaanza kuuliza habari za arusi yetu. Yake ilifanyika ukumbi wa kanisa, wageni wachache, keki kaioka mwenyewe ikaanguka. Mimi siwezi kushindwa na keki iliyoanguka. Nikampa farasi weupe. Nikampa wageni mia mbili na bendi ya tarumbeta. Nilikuwa naelekea kwenye njiwa pale Ken alipomgeukia Glenys na kumuuliza yeye anakumbuka nini zaidi.

Glenys akatazama nje. "Sikumbuki kitu," akasema. "Nilikuwa mtoto."

Ken alicheka mpaka Moira akampiga mgongo. Nikacheka pia. Kicheko changu kiliisha kabla ya chao.

Nina wasiwasi Ken anajua. Lakini mwoka mikate atajua nini?

Jumatano, 12 Juni. Geiranger.

Glenys kaamka mapema na kuvaa gauni la kijani na hereni. Ya nini asubuhi hii? Kanipa kifurushi. Ndani soksi za sufu, kazifuma mwenyewe, rangi ya buluu niipendayo. Nikamuuliza kama uzi umebaki wa kutosha kofia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama leo nina jambo lolote la kumwambia.

Nikafikiri sana. Nikamwambia ndiyo: kesho avae viatu vya kahawia, vile vyeusi vinamfanya aonekane mrefu kuliko mimi kwenye picha.

Kasema twende sisi wawili tu mpaka juu, kuna mgahawa mdogo wenye chapati za maji na jamu, na fyodi yote, ule mkono wa bahari kati ya milima, unaiona kutoka pale. Nikamkumbusha kwamba chapati za melini tumezilipia tayari. Tena nilikuwa na mazoezi ya viapo. Kasema sawa. Akaenda na akina Haddow.

Nikabaki. Nikasema "Ndiyo, nakubali" mbele ya kioo, mara kwa sauti ya chini, mara kwa sauti ya mtu wa redio. Kisha chumba cha mvuke, peke yangu kabisa, hakuna wa kunipigia gumzo. Kisha keki ya limau. Kisha usingizi. Siku njema.

Walirudi mashavu mekundu, wananukia siagi. Ken alikuwa amemchumia Glenys maua ya porini. Alasiri kulikuwa na dansi, na Glenys alicheza na Ken, na mjane mmoja wa Exeter, na Agnelo. Nikamuuliza mbona ana furaha hivyo siku ya kawaida. Kasimama katikati ya ukumbi akanitazama, gauni bado linapepea. Kasema, "Lala mapema, Trevor. Kesho una kazi."

Wanawake! Ndani ya vichwa vyao hakuna mizani.

Alhamisi, 13 Juni. Baharini.

Naandika haraka.

Ukumbi ulijaa. Vichwa vyeupe mpaka kwenye ngazi. Nahodha Stavrinidis, sare nyeupe, vifungo vya dhahabu. Ken na Moira wa kwanza. Ken kasahau maneno yote, kalia kama mtoto, Moira kampangusa kwa tai ya Ken mwenyewe na kumwambia, "Basi, basi, mpumbavu wangu, ndiyo nakubali, kaa chini." Watu wakatoa vitambaa. Nikajiambia: yangu yatakuwa bora zaidi.

Nahodha akaniuliza. Nikaitika kwa sauti ya redio. Akamgeukia Glenys, akamuuliza kama anamkubali tena mwanamume huyu.

Glenys akachukua kipaza sauti mkononi mwa nahodha.

"Nahodha, samahani," kasema. "Kwanza, si leo. Ilikuwa jana."

Nikatazama miguu yangu. Soksi! Gauni la kijani!

"Pili, si hamsini. Ni arobaini na miwili, na kila mmoja nimeuhesabu. Tatu, nina miaka sitini na mitatu. Na kuhusu hilo ulilouliza…" Akanitazama. Nilimfanyia ishara ya shampeni kwa macho. "Hapana, asante. Mwulize mwenyewe tarehe. Siku akiikumbuka bila kusaidiwa, nitafikiria."

Wanawake wa mazoezi ya viti wakasimama, wote, bila kushikwa mkono, wakapiga makofi. Mmoja alipiga mluzi! Tamsin akawasha muziki usiofaa. Agnelo aligeuza uso. Hilo liliniuma kuliko mluzi.

Nilikunywa shampeni yangu. Ilikwisha funguliwa.

Chakula cha jioni: Glenys na Moira dirishani. Mimi na Ken mlangoni. Nilitegemea anicheke. Hakunicheka. Kanikatia mkate wa moto, kaupaka siagi, kasema, "Mzee mwenzangu, mbona hukusema tu unataka dirisha? Tungekuombea." Nikala mkate.

Ijumaa, 14 Juni. Baharini.

Hakuna aliyekaa karibu nami asubuhi. Kwenye bingo mwanamke mmoja wa mazoezi ya viti kahamisha mkoba wake nilipokaribia.

Alasiri nilimwona Glenys kutoka sitaha ya juu. Alikuwa chini kwenye viti vya kujinyoosha, katikati ya wanawake wenzake, kachukuliwa na kicheko, kichwa nyuma, mdomo wote. Nilijaribu kukumbuka ni lini alicheka hivyo nikiwa karibu. Nilisimama pale hata chai ikanipita. Mimi! Chai!

Nikashuka. Nikamwambia mbele yao samahani. Kaniuliza samahani ya uongo, au samahani ya kukamatwa? Nikaomba muda wa kufikiri. Wanawake wakaguna. Lakini Glenys midomo ilimcheza, najua midomo ile. Akanyanyuka akaniruhusu nitembee naye kuzunguka sitaha. Upepo mkali. Nikamvalisha koti langu. Karibu na maboya ya kuokolea kasema alipanda na akina Haddow mpaka mgahawani, na kiti cha nne akakiwekea mkoba ili kisionekane kitupu.

Nikamwambia soksi zinapasha joto. Kasema anajua, ndiye aliyezifuma.

Nimeapa: kuanzia leo ni ukweli mtupu. Hata ule mdogo.

Jumapili, 16 Juni. Stockport.

Nyumbani. Glenys yuko bustanini anamsimulia jirani kila kitu, na jirani ameushikilia uzio asianguke kwa kicheko. Haidhuru. Mtu aliyetubu hana cha kuogopa.

Nimewapigia simu watu wa safari za meli, kuuliza tu bei za mwakani. Sauti nyororo ya msichana. Kaniuliza kama nitasafiri peke yangu. Nilikuwa nameza biskuti, nikachelewa kujibu. Akadhani amegusa kidonda. Kashusha sauti, kaniambia pole, na kwamba waliofiwa karibuni hupewa chumba chenye roshani bila nyongeza. Roshani! Viti viwili nje, bahari yako mwenyewe!

Sikusema kitu. Nilishusha pumzi tu, na kushusha pumzi si uongo. Amekwisha andika.

Limebaki jambo moja dogo: marehemu naye atataka kwenda. Nitawaambia ni shemeji yangu, dada wa marehemu. Wanafanana mno.