Mapafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana! Kocha ameleta fulana mpya za mazoezi. Kila moja ina kifaa kidogo mgongoni: kinahesabu kilomita, kinapima mapigo ya moyo, kinachora hata ramani ya ulikopita. Majibu yamebandikwa mlangoni kila mtu ayaone. Pikipiki, kiungo mpya anayeitamani namba yangu waziwazi: kilomita kumi na moja. Mimi: nne. Kipa: nne na nusu! Kipa, ambaye kazi yake ni kusimama!

Nikamweleza kocha kwamba kiungo mzoefu hakimbii, unaokimbia ni mpira. Akasema sawa, basi mkataba mpya atausaini mpira. Wangu unaisha Juni. Nina miaka thelathini na minne, na tangu nikiwa na tisa sijui kazi nyingine. Naogopa, nisijidanganye.

Jumanne, 4 Machi

Sasa tuna kazi ya nyumbani: kukimbia kila jioni na fulana mwilini. Nimejitahidi. Nimefika duka la dawa, nikaomba kiti.

Nikiwa pale, akapita mama mkwe. Amekuja kututembelea, ana miaka sitini na saba, na kila jioni hutoka kunyoosha miguu. Alinipungia mkono bila kupunguza mwendo. Baada ya saa nzima akapita tena upande wa pili, hata jasho hana.

Nimepata wazo. Jamani, mimi ni mtu hatari!

Jumatano, 5 Machi

Nimefua fulana mara mbili kwa mikono yangu, maana mama mkwe havalishwi fulana ya jasho. Mke wangu akauliza nimeanza lini kufua. Nikamwambia ni mapenzi. Akaenda kuchungulia kama nimevunja kitu.

Mama mkwe nimemwambia ni kifaa cha kupima presha, zawadi kutoka kwa daktari wa timu. Akanibariki mpaka nikaona aibu. Aibu ilikaa kama dakika mbili. Akaivaa ndani ya blauzi, akaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kilomita tisa! Daktari wa timu anasema nilipanda kilima cha tangi la maji na moyo haukushtuka hata kidogo. Pikipiki amenuna mpaka midomo imevimba.

Kasoro moja tu. Ramani inaonyesha nilisimama dakika arobaini kwenye saluni ya wanawake. Nikasema nilikuwa naosha nywele. Chumba kizima kikakitazama kipara changu.

Kocha hakujali. Jumamosi nacheza dakika tisini, kiungo peke yangu, kwa kuwa nina pumzi za watu wawili. Nilirukaruka kwa furaha. Halafu nikaelewa alichosema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia mazoezini nikichechemea. Daktari akaniuliza mguu gani unauma. Nikamwonyesha. Akasema ajabu, nilipoingia nilikuwa nachechemea na ule mwingine. Nimerudishwa uwanjani.

Jumamosi, 8 Machi

Dakika ya kumi na mbili pumzi zilikata. Nilifunga kamba za viatu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili refa akainama, akazifunga mwenyewe, mafundo mawili kila kiatu! Wapinzani walikuwa wanapita katikati kama wanakwenda sokoni. Tatu bila, na ndiyo kwanza mapumziko.

Kipindi cha pili nikalala chini. Ndipo mama mkwe akasimama jukwaani, nyuma kabisa ya benchi letu, akaniita kwa sauti ya mtu asiyejua kutweta. “Inuka, mwanangu! Mbona mimi nilikipanda kilima na hicho kidude chako mgongoni, wala sikulala?”

Benchi zima likageuka. Kocha akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye tena. Kisha akamwita Pikipiki avue koti.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa ofisini. Nilikuwa na visingizio vitatu, vyote vizuri. Kocha hakutaka hata kimoja. Akasema mwisho wa mwezi nitembee na mama mkwe njia yake yote. Nikifika nyumbani pamoja naye, tutazungumza mkataba. Akinitangulia, nikabidhi fulana. Ushahidi utatoka kwenye kifaa, na sasa naye atapewa chake.

Nilimwomba mama msamaha. Akasema hana kinyongo, ila presha yake imepanda kwa kugundua haikupimwa.

Jumanne, 11 Machi

Jaribio la kwanza. Aliniacha kona ya pili. Nilipofika saluni nilimkuta ameshasukwa, analipa. Akanihurumia, akanishika mkono tukipanda kilima, na watu wakidhani ni mimi ninayemsaidia. Nilikaribia kulia. Akaniambia taratibu kwamba mwezi bado una siku ishirini, nikitembea naye kila jioni nitaweza, haki ya Mungu nitaweza. Nimeguswa sana. Nimeahidi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari ahadi yangu kwa kina. Siku ishirini ni nyingi mno.

Jirani ana mbwa. Mkubwa, mwenye afya, halafu hawezi kusema lolote jukwaani! Ana miguu minne, kwa hiyo kilomita zake nitazigawa kwa mbili ili kocha asishuku. Fulana imemkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi. Nimemfungulia geti sasa hivi amfuate mama mkwe, kwa majaribio, akatoka mbio kama anafukuzwa.

Mkataba huu hapa, nauona!