Afisa wa Farasi kati ya Walinzi wa Uongo

Jumapili, 5 Juni 2011

Leo nimejitolea. Ibada ilipokwisha, Mama Marcelline, mshonaji wa hapa Diepsloot, kando ya Johannesburg, alisimama akatueleza. Wanaume wawili wenye sare za walinzi waliingia dukani kwake mchana. Walisema wanakagua vibali. Wakaondoka na cherehani mbili. Hilo ni duka la nne. Sare za kijani, mfano wa yangu.

Watu wakanigeukia. Mimi hulinda uzio wa mtaa wa matajiri, ng'ambo ya barabara, juu ya farasi. Kampuni inaniita mlinzi. Mimi najiita afisa wa farasi.

Nikasimama, nikasema nitawakamata. Mama Marcelline akauliza jina langu. Nikasema Ignace. Tuko kwaya moja, mwaka wa pili sasa. Yeye huimba mstari wa mbele. Hawezi kuona nyuma.

Jumatatu, 6 Juni

Nimemwomba msimamizi wangu, Chris, ruhusa ya upelelezi. Amesema kazi yangu ni uzio. Basi nikaomba likizo ya msiba wa shangazi. Si uongo. Shangazi alifariki kweli, mwaka 2003. Chris akanipa pole, akaniita Innocent.

Mpango: nijifanye mwizi, nijiunge nao, nijue siku yao. Nimwandikie Mama Marcelline, akusanye majirani. Nikivua kofia tu, wavamie. Nimemweleza farasi. Hakupinga.

Jumanne, 7 Juni

Nimewapata. Haikuwa kazi. Muuza mahindi alinionyesha kibanda chao kwa kidevu. Kila mtu anakijua, wanaogopa tu kusema. Mkubwa wao ni Burhani, mtu wa Kigoma. Mwenzake ni Bakiri, si msemaji.

Nikasema mimi ni mwizi. Burhani akauliza naiba nini. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema viatu. Akayatazama mabuti yangu ya kazi kwa muda, akasema niingie ndani, nje kuna baridi.

Jumatano, 8 Juni

Sare zao ni aibu. Mikanda imepinda, kofia zimebonyea kama chapati. Saluti ya Bakiri ni ya mtu anayefukuza nzi. Najua niko kwa adui, lakini nilishindwa kuvumilia. Tumefanya mazoezi asubuhi nzima nyuma ya kibanda. Kufikia saa sita walikuwa wamenyooka hata nikawaheshimu.

Burhani akapika ugali na maharage. Akaniuliza kwetu wapi. Rumonge, Burundi, nikasema. Akauliza kama mama yupo bado. Tangu nifike nchi hii watu wameniuliza kibali. Habari za mama, hakuna aliyeuliza. Nikaongea mpaka chakula kikapoa. Bakiri akakipasha moto bila kuambiwa.

Ushahidi uliopatikana leo: maharage yanatiwa mawese.

Alhamisi, 9 Juni

Siku yao ni kesho, saa nane mchana, kwa Clémentine anayeuza simu na nywele bandia. Nimeandika barua, nikampelekea Mama Marcelline mkononi. Alikuwa anapima mteja. Akaisoma upesi, akaiweka chini ya mkasi, akasema asante kaka.

Nikarudi kibandani. Nilitaka kuwaambia wasiende. Badala yake nikasema kesho kutakuwa na baridi. Burhani akanipa soksi.

Ijumaa, 10 Juni

Mkono unauma, sitaandika mengi.

Niliingia wa kwanza. Clémentine alikuwa nyuma ya kaunta. Mama alinifundisha kuvua kofia mbele ya mwanamke. Nikavua. Majirani wakamiminika kabla hatujagusa kitu.

Burhani na Bakiri walikuwa mlangoni, wamenyooka kama nilivyowafundisha. Watu wakawapita. Mzee mmoja aliwashukuru kwa kufika mapema. Wakanikamata mimi, niliyesimama ndani na kofia mkononi. Nikasema mimi ndiye wa barua. Hakuna aliyejua barua. Fimbo ya kwanza ikanipata mkononi. Mtu akaagiza tairi liletwe. Hapa kila mtu anajua tairi ni la nini.

Bakiri alikwisha toweka. Burhani naye angeweza. Akaingia ndani, akavua kofia yake.

"Mwacheni. Mwizi ni mimi. Huyo ni mlinzi kweli, tazameni mabuti yake, yana namba ya kampuni."

Wakamgeukia yeye. Clémentine akawasukuma nje kwa mikono yote miwili, akateremsha mlango wa chuma, akatufungia watatu mpaka polisi walipofika. Tulikaa sakafuni, watu wanapiga mlango. Nikamuuliza Burhani alijua lini.

"Tangu Jumanne. Unanuka farasi, bwana."

Mbona basi hakunifukuza?

"Nilitaka, kesho yake. Ukaanza habari za mama yako. Nikaona, huyu hana mtu."

Polisi wakamchukua. Nikasema asante kwa soksi.

Jumapili, 12 Juni

Cherehani zimekutwa kibandani. Kanisa limeimba. Mama Marcelline amewashukuru majirani, Clémentine, hata kampuni yetu. Ibada ilipokwisha nikamfuata. Amesema majirani aliwaambia habari za wezi na za kofia, ila alisahau kuwaambia kwamba mimi nitakuwemo. Akaniomba radhi vizuri sana. "Pole, kaka..." Akakwama kwenye jina. Nikamsaidia.

Jana nilimpelekea Burhani maharage kituoni. Amekula yote. Amesema chumvi haba. Muda wa kuonana ulipokwisha aliniuliza mkono unaendeleaje. Nikarudi nyumbani kwa miguu, teksi zilikuwepo, lakini sikuwa na haraka ya kufika.

Nimetafakari kosa langu. Ni kofia. Ishara ilikuwa mbaya.

Katika kwaya wanasema kuna kundi kule Malvern, wanaume wanaojifanya wachungaji na kuchangisha mazishi ya watu walio hai. Hakuna anayethubutu kuwagusa. Nimeagiza joho. Safari hii ishara itakuwa kupiga chafya. Kesho nitamwambia Chris kuhusu mjomba.

Nasikia wako sita, na wanapika.