Habari za Kutolewa Mtungi wa Bi Sabaha Mlangoni

Enyi mlioketi barazani na mlio njiani, wekeni chini majembe, funikeni vyungu, nyamazisheni watoto kwa muhogo wa kuchoma, mje msikilize habari iliyo kubwa kuliko zote zilizopata kutokea Ruangwa. Wengine watawasimulia vita vya wafalme na milki zilizoanguka. Waacheni, wafalme wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Hapa anatajwa Isihaka, fundi mwashi, simba wa timazi, bwana wa mwiko usiokauka, mtu ambaye akiutazama ukuta uliopinda, ukuta hujinyoosha wenyewe kwa aibu. Na inatajwa Jumatano ile ya mwezi wa Julai, mwaka wa 1955, alipoinuka kuutoa mtungi nje ya nyumba.

Naam, mtungi. Asicheke mtu kabla ya wakati.

Chanzo chake kilikuwa barua. Ilitoka Mombasa, nchi ya Kenya, kwa mkandarasi aliyesikia sifa za waashi waliojifunza kazi Nachingwea wakati wa mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, siku zile nyumba zilipokuwa zikiota porini kama uyoga. Isihaka aliitwa kwa miaka mitatu, aende na mke na watoto, wapewe vyumba viwili na jiko. Asije peke yake, barua ilisisitiza, maana waashi wapweke hutoroka. Afike Nachingwea Jumatano, apande treni ya saa kumi alasiri kwenda Mtwara, na Mtwara meli haingemngoja mtu; asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine.

Lakini katika nchi ya Wamwera mwanamume haondoki na mke kama aondokavyo na kofia yake. Isihaka alimkuta mkewe Mwantumu kwao, akamjengea kwao, akaishi kwao, na watoto wao watatu walikuwa wa ukoo wa mama yao. Ruhusa haikuwa yake kuitoa, wala ya Mwantumu. Ilikuwa ya Bi Sabaha, mama yake Mwantumu, mfinyanzi wa vyungu, malkia wa udongo, mwanamke ambaye akikohoa uani kuku husimama wima.

Na baina ya Isihaka na mama mkwe wake desturi ilikuwa imejenga ukuta ambao hakuna nyundo iliyowahi kuugusa. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenziwe apite. Miaka kumi na mmoja waliishi umbali wa hatua thelathini, na maneno yao yote yalipita kinywani mwa Amiri, kaka yake Mwantumu, mtu mwema ambaye alikuwa na kosa moja tu: alipenda kupamba.

Majuma matatu kabla ya safari, Bi Sabaha alitoa hukumu, huku akiutazama mkorosho.

"Mwambie, mtungi wangu ukitoka, mwanangu atoke. Mtungi ukibaki, mwanangu abaki."

Isihaka alikuwa upande wa pili wa mkorosho huohuo, akisikia kila neno. Amiri akauzunguka mti hatua tatu, akasafisha koo, akanena kwa sauti ya mjumbe wa mfalme: "Ewe shemeji mtukufu, mwenye mkono wa kunyoosha kuta! Mama yetu, chemchemi ya ukoo, anakujulisha ya kwamba—"

"Nimesikia, shemeji."

"Hujasikia. Bado sijasema."

Basi akasema, na alipomaliza jua lilikuwa limesogea. Isihaka akafurahi moyoni. Alikuwa amejiandaa kudaiwa mbuzi, au kuambiwa amwache mtoto mmoja. Kumbe anadaiwa kubeba mtungi! Ole wa shujaa afurahiye kabla ya kupima.

Maana mtungi ule haukuwa wa kubebwa kiunoni. Uliingia maji ya madebe kumi, una shingo fupi na tumbo la jumbe aliyestarehe. Na kwa desturi ya ukoo ule, maji huingia katika nyumba kabla ya mtu. Kwa hiyo Isihaka alipojenga nyumba yake ya matofali ya kuchoma, mtungi uliwekwa mahali pake kuta zikiwa bado za magotini, kuta zikapanda kuuzunguka kama ngome inavyomzunguka sultani, ndipo mwishowe fundi akatia mlango. Akautia kwa kipimo alichojifunza Nachingwea, futi mbili na nusu kamili, mwembamba na wa kupendeza, na mlango wa uani akaufanya pacha wake. Tangu siku ile mtungi haukuwahi kutoka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuutoa.

Asubuhi ya Jumatano, saa mbili, lori likaunguruma mbele ya nyumba. Dereva wake aliitwa Saturnini, mtu wa Ndanda, mrefu, mwepesi wa honi kuliko wa subira. Masanduku yakapakiwa, magodoro yakapakiwa, watoto wakapandishwa juu wakakaa kama majemadari. Majirani wakajaa. Bi Sabaha akaja akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akaupa mlango mgongo, kanga imemfunika hadi puani.

Hapo ndipo Isihaka, kwa mara ya kwanza, alipochukua uzi akaupitisha juu ya tumbo la mtungi. Akauweka uzi kwenye rula. Akaunyoosha tena, akaupima tena.

"Futi mbili na inchi nane," akanena, na uso wake ukawa kama chokaa.

Mwantumu, mwanamke asiyemung'unya maneno, akashika kiuno. "Baba Fatu, umepima nyumba za Wazungu wote wa Nachingwea, choo kwa choo. Mtungi wa mkeo hukuupima?"

"Niliujua kwa macho."

"Macho! Basi beba kwa macho."

Majirani wakacheka mpaka mmoja akashika mkorosho. Lakini Isihaka hakuwa mtu wa kushindwa na inchi mbili. Akaita nyundo na tindo, akaukabili mwimo wa mlango ambao mikono yake mwenyewe iliutia, akasema kwa uchungu: "Ewe mwimo, ulikuwa wima kuliko miimo yote ya wilaya. Nisamehe."

"Mwambie," ilitoka sauti chini ya kanga, "ukuta usiguswe. Nyumba ni ya ukoo. Asiyezaliwa hapa havunji hapa."

"Ewe shemeji mtukufu—" akaanza Amiri.

"Nimesikia!" Nyundo ikashuka.

Saturnini akapiga honi. "Fundi! Mimi nina njia ya saa tatu na ushee, na daraja moja silipendi. Treni haina mkwe wa kumwonea haya!"

Jueni basi jambo lililokuwa katika mizani. Isihaka alikwisha kuapa mbele ya mkewe kwamba hataondoka bila yeye, na Mwantumu alikwisha kuwaaga shangazi zake wote mpaka Mbwemkuru, analia kwa huyu, anakula kwa yule. Mtungi ukibaki, Mwantumu anabaki. Mwantumu akibaki, Isihaka anabaki. Na Isihaka akibaki, Mombasa itajengwa na mwingine, na yeye ataendelea kujenga vyoo vya majirani wanaolipa kwa ahadi. Na mwanamke aliyekaa juu ya kinu alijua hayo yote, tena aliyajua vizuri kuliko wote.

"Leteni mafuta ya ufuta," Isihaka akaamuru.

Yakaletwa, mafuta mapya ya mavuno ya mwaka ule. Miimo ikapakwa, mtungi ukapakwa, Isihaka na Amiri wakajipaka bila kukusudia. Kisha fundi akasimama ndani, nyuma ya mtungi, akahutubia: "Enyi mababu mlionyanyua mawe! Enyi vibarua wa Naipingo na Lionja mliobeba tofali kichwani! Leo nipeni mabega yenu! Amiri, wewe vuta. Mimi nasukuma. Tukifa, tufe tukitazamana!"

"Mimi sikuambiwa habari ya kufa," alisema Amiri, lakini akashika.

Wakasukuma. Wakavuta. Mtungi ukateleza kwa utukufu, ukaingia kati ya miimo miwili, ukasimama. Haukwenda mbele. Wakavuta nyuma; haukurudi nyuma. Ukakaa mlangoni umejaa kama mwezi wa kumi na nne, nusu ndani, nusu nje, na fundi akafungiwa ndani ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Kweli mlango wa uani ulikuwa wazi. Lakini shujaa hatoki vitani kwa mlango wa uani.

"Tumeuziba mlango," Amiri aliwatangazia majirani, kana kwamba hawaoni.

"Sukuma kwa mguu!" mmoja akashauri.

"Piga chini!" mwingine akapaza.

Isihaka, jasho na ufuta vikimtiririka, akarudi hatua mbili, akainamisha bega kama fahali, akajirusha. Ndipo mtungi ukalia. Sauti ndogo tu, *krr*, kama ya mtu akanyagaye jani kavu. Saturnini akaondoa mkono kwenye honi. Na Isihaka, ndani gizani, akajikusanya kujirusha mara ya pili.

"WE ISIHAKA! ACHA!"

Kanga ilikuwa imeanguka. Bi Sabaha alikuwa amesimama, uso wazi, kidole kimeelekezwa mlangoni kama mkuki.

"Unaniua mtungi! Ushushe kidogo. Kidogo, nimesema, huo si mfuko wa saruji! Sasa ugeuze. Ugeuze robo, ubapa wake uutazame mwimo. Mkono wako wa kulia, baba, wa kulia! Umesahau kula kwa upi?"

Miaka kumi na mmoja, na maneno yake ya kwanza kwa mkwewe yakamwagika yote kwa mara moja. Ndani ya nyumba, nyuma ya tumbo la udongo, mikono miwili ya kuogopa ikaushika mtungi, ikaushusha, ikaugeuza robo. Na mtungi, enyi wasikilizaji, ukapita katikati ya miimo bila kugusa kulia wala kushoto, kama bibi harusi apitavyo ukumbini.

Kumbe haukuwa wa mviringo kamili. Ulikuwa na upande mmoja bapa, na uzi wa Isihaka ulipita upande mpana peke yake. Yeye, aliyepima kila pembe ya kila nyumba mara mbili, aliuamini mviringo kwa kuupima upande mmoja.

"Mama," akasema Amiri polepole, "ulikuwa unajua?"

"Nimeufinyanga mwenyewe, nisijue?" Bi Sabaha alikuwa amekwisha kuufikia, anaupapasa kutafuta ufa. Hakuupata. Kiganja chake kikatua pale penye ubapa, kikakaa. "Huyu," akamwonyesha Mwantumu kwa kidevu, "alikuwa na miaka mitatu. Nimeumaliza, mbichi, nikageuka kunawa mikono. Nikirudi, ameuegemea amelala. Nilitaka kuufinyanga upya. Kisha nikaona mgongo wake umekaa pale, nikauacha ulivyo."

"Sasa mbona asubuhi nzima umenyamaza?" Mwantumu akauliza, na sauti yake haikuwa ya mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Hakuna aliyeniuliza. Na mwenye haja ya kuuliza haruhusiwi kusema nami." Akajifunga kanga kiunoni badala ya usoni. "Haya. Leteni majani makavu. Mnafikiri utasafiri juu ya mbao tupu?"

Tokea hapo majeshi yalikuwa na jemadari mwingine. Bi Sabaha alisimamia kupakia, akakataa majani ya kwanza kwa kuwa yana unyevu, akamshusha mtoto mmoja kutoka kwenye godoro ili godoro liukinge mtungi, kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akapanda lorini mwenyewe ili aushikilie mpaka Nachingwea. Isihaka hakuwa na pa kukaa isipokuwa upande wa pili wa mtungi, uso kwa uso na mama mkwe wake, bila kichaka cha kuingia.

Na kutoka Ruangwa hadi Nachingwea, kila shimo la barabara, Bi Sabaha alisema. Alisema juu ya mwendo wa lori. Alisema juu ya rula isiyojua udongo. Alisema juu ya paa la jikoni lililovuja mwaka wa pili, ambalo malalamiko yake Amiri aliyafikisha kwa fundi kama sifa. Maneno ya miaka kumi na mmoja yalikuwa yamewekwa akiba, na akiba ilikuwa nzuri. Katikati ya njia Amiri, kwa mazoea, akasafisha koo: "Ewe shemeji mtukufu, mama yetu anakujulisha ya kwamba—"

"Nyamaza, Amiri!" wakasema wote wawili kwa pamoja, wakaangaliana, na mmoja wao akacheka. Historia haikuhifadhi ni nani.

Saa kumi kasoro dakika kumi walifika stesheni. Karani wa mizigo aliutazama mtungi, akamtazama Bi Sabaha, akaandika "vyombo vya nyumbani", akaacha mambo hapo. Mtungi ukaingia behewani kwa ubapa wake. Watoto wakaingia. Mwantumu alimshika mama yake mpaka filimbi ikapigwa mara mbili.

Treni ikaanza kutambaa. Bi Sabaha akatembea sambamba nayo, mkono ukigusa dirisha.

"Isihaka! Usiuweke juani!"

Fundi akachungulia. Angali anang'aa ufuta, na macho yake yakamtafuta Amiri kwa mazoea.

"Wala mwanangu," akaongeza Bi Sabaha, kwa sauti ndogo.

"Naam, mama," akasema Isihaka.

Maneno mawili. Wenye kuandika tarehe za kusini na wayaandike kwa wino usiofutika, kando ya vita vyote na mikataba yote: mwaka wa 1955, mwezi wa Julai, saa kumi na dakika saba alasiri, katika stesheni ya Nachingwea, mkwe alimjibu mkwe, na mtungi ulikwenda ugenini ukiwa mzima, hauna ufa.