Kazi ya Kulipia

Derlis Insfrán aliiona riziki yake akiwa kwenye foleni isiyomhusu. Alikuwa amejipenyeza humo kukimbia jua tu. Januari ya Asunción haina adabu, na foleni ile, ya watu waliokuwa wakiomba kazi kwenye duka kubwa la majokofu, ilikuwa imebahatika kupata kivuli kirefu cha jengo la jirani. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na tatu na hajawahi kuomba kazi popote. Alikuwa amewahi kuuza viwanja ambavyo mto ulishavichukua, tiketi za mechi ambayo haikupangwa, na dawa ya kuzuia upara. Hiyo ya mwisho aliacha kuiuza nywele zake zilipoanza kupukutika, maana alikuwa mtu wa kujali sifa ya bidhaa.

Kila baada ya dakika chache mtu alitoka mlangoni na bahasha yake mkononi, uso umemshuka.

"Wamesemaje, ndugu yangu?" Derlis alimuuliza kijana mmoja mrefu aliyevaa tai ya kuazima.

"Wanataka uzoefu wa miaka miwili," alijibu kijana. Jina lake Osmar Benítez, na alikuwa na shahada ya biashara iliyoanza kukunjamana pembeni. "Sasa nitaupata wapi huo uzoefu kama hakuna anayeniajiri?"

"Mimi ninao wa miaka thelathini na minne," alidakia mama mmoja mwenye mwavuli, nyuma yake. "Wameniambia umezidi."

Derlis akaitazama foleni kuanzia kichwa hadi mkia. Watu arobaini na wawili, wote wanatafuta kitu kimoja, na katika mji mzima hapakuwa na mtu hata mmoja anayekiuza. Moyo wake ukapiga kwa namna ambayo mioyo ya wengine hupiga kwa mapenzi.

Siku ya pili yake alinunua kitabu cha kozi ya mwanzo ya biashara kwa wauza vitabu vikuukuu. Hakikuwa na jalada wala sura ya kwanza, kwa hiyo elimu yake ya biashara ilianzia sura ya pili, na ni haki kusema kwamba wapo matajiri walioanzia mbali zaidi. Akapanga chumba ghorofa ya nne, juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Palma. Lifti ilikuwa mbovu. Mlangoni akabandika kibao: Grupo Horizonte. Kisha akarudi kwenye foleni.

"Zamani," aliwaambia waliokuja kumsikiliza, "mwajiri ndiye aliyemlipa mfanyakazi. Mambo ya karne iliyopita hayo. Leo dunia imebadilika. Mfanyakazi wa kisasa anawekeza kwa nani?"

Walitazamana.

"Kwa nafsi yake!" alisema Derlis kwa huzuni kidogo, kama daktari anayeeleza ugonjwa. "Laki tano kwa mwezi. Unapata meza, cheo, kitambulisho chenye picha, na mwishoni barua ya uzoefu yenye muhuri. Guaraní laki tano! Kuna watu wanazimaliza kwa bia wikiendi moja."

Kumi na mmoja wakajiandikisha. Vyeo kila mtu alijichagulia.

"Mauzo," alisema Osmar.

"Mkuu wa Mauzo. Haya."

"Si ningeanzia chini kwanza?"

"Kijana, unalipa kwa pesa yako mwenyewe, halafu uanzie chini?"

Mama wa mwavuli naye alikuja. Aliitwa Librada Ayala, na mtaani kwao walimwita Ña Librada, kama wanavyoitwa wanawake wa kuheshimiwa. Alikuwa ameshika mambo ya wafanyakazi katika kiwanda cha nyuzi mpaka kiwanda kikafungwa.

"Mama, uzoefu si unao tayari?" Derlis alimuuliza.

"Ninao wa zamani. Nataka wa kisasa. Niandike Mkuu wa Utumishi."

Derlis alijisikia vibaya kwa muda wa kama dakika moja na nusu, ambao kwake ulikuwa muda mrefu. Kisha akazipokea noti zake.

Mpango ulikuwa mwepesi. Miezi mitatu ya vikao na maneno, halafu anaingia mitini. Asubuhi aliwasomea sura moja: mahitaji na ugavi, mgawanyo wa kazi, thamani anayoipata mteja. Jioni waliondoka wakiwa wamechoka, ingawa hakuna aliyejua wamechoshwa na nini.

Tatizo la kwanza lilikuwa Ña Librada. Siku ya tatu Derlis alifika saa nne, akakuta daftari la mahudhurio mlangoni, na mama huyo pembeni yake ameshika kalamu.

"Mkurugenzi, sababu ya kuchelewa?"

"Foleni ya magari, mama."

"Unakaa wapi?"

"Mtaa wa tatu kutoka hapa."

"Unakuja na gari?"

"Kwa miguu."

Ña Librada akaandika taratibu: foleni ya magari, kwa miguu. "Saini hapa."

Akasaini. Akasaini pia risiti za malipo ya wote kumi na mmoja, mikataba, ratiba ya kufagia, na karatasi nyingine nyingi alizosogezewa wiki ile. Kwa kweli alifurahia. Hajawahi kuwa na saini iliyotafutwa na watu kwa sababu njema.

Tatizo la pili lilikuwa Osmar.

"Mkurugenzi, samahani. Sisi tunauza nini?"

"Suluhisho," alijibu Derlis bila kupepesa.

"La nini?"

"Hilo analijua mteja. Sura ya tano: msikilize mteja."

Ungemwambia hivyo mtu mwingine, angecheka. Osmar alikwenda kukaa, akachukua simu, akaanza kuwapigia wenye maduka mmoja mmoja akiwauliza wana shida gani. Wengi walimtukana. Wa kumi na tisa alikuwa Don Teófilo Yegros, mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, mtu aliyejulikana kwa kuzima feni mteja akishalipa.

"Shida yangu ni simu," alinguruma Don Teófilo. "Wateja wanapiga, hakuna wa kupokea. Na mimi siajiri mtu wa kukaa tu anaita 'halo'."

"Zielekeze kwetu," alisema Osmar. "Tutapokea sisi."

Basi wakapokea. Watu kumi na mmoja waliokuwa wamekaa siku nzima wakinoa penseli walizirukia simu za misumari na saruji kana kwamba ni habari za nyumbani. Waliandika oda, walikumbuka majina ya wateja, waliuliza hali za wagonjwa. Mwezi haujaisha, maduka tisa yalikuwa yameleta simu zao. Viti vikawa vichache, na wanawake wawili wenye watoto wadogo wakaomba kufanyia kazi nyumbani kwao, Luque na Lambaré, nje kidogo ya mji.

"Kazi ya mbali!" Derlis alitangaza kikaoni, akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa viti viwili vilivyopatikana. "Ndiko dunia inakoelekea."

Lakini rohoni hakuwa na raha. Pesa ilikuwa inaingia na hakuna mtu aliyekuwa anamtafuta. Akipita barabarani, watu walimsalimia, naye alishtuka kila mara na kuangalia uchochoro wa kukimbilia. Mchuuzi wa chipa, vile vimkate vya jibini, wa pale chini alimuuliza kama ana homa. Akaona heri arudi kwenye mambo anayoyajua: auze na aondoke.

Mnunuzi alijileta mwenyewe. Don Teófilo alipanda ngazi zote nne, akakaa, akajipangusa jasho kwa leso ya ukubwa wa taulo.

"Nimewaza, Don Derlis. Kwa nini nikulipeni kila mwezi? Naichukua kampuni nzima. Halafu nafukuza nusu, waliobaki nawapunguzia mshahara."

"Mshahara huwezi kuupunguza," alisema Derlis kwa ukweli kamili. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya kweli katika biashara ile, na ndiyo iliyomvutia mnunuzi kuliko zote.

"Hawalipwi?"

"Wanalipa wao."

Don Teófilo alikunja leso yake kwa heshima, kama aliyeingia kanisani. Wakakubaliana milioni themanini, taslimu, Ijumaa saa nane mchana, mbele ya hati ya usajili.

Hati haikuwepo, lakini hilo halikuwa jambo la kumzuia Derlis. Aliitengeneza mwenyewe na kuipiga mihuri miwili. Mmoja ungetosha, ila alikuwa mkarimu. Akakata tiketi ya basi la saa tisa kwenda Encarnación, ambako ukivuka daraja tu uko Argentina. Wafanyakazi aliwaambia kuna mteja anakuja kukagua, wavae vizuri.

Ijumaa ikafika. Don Teófilo aliweka mfuko wa pesa mapajani, akaishika hati, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akatoa simu yake.

"Ngoja nihakikishe kwenye daftari la serikali. Siku hizi kila kitu kimo humu."

Derlis alitabasamu, huku mguu wake wa kulia ukianza kuutafuta mlango.

"Hm," alisema Don Teófilo. "Kampuni ipo."

"Ipo?" Sauti ilimtoka Derlis kwa mshangao, akairekebisha haraka. "Ipo, bila shaka ipo."

"Imesajiliwa wiki tatu zilizopita."

"Tulichelewa kidogo, kazi nyingi."

"Wenye hisa ni kumi na mmoja. Ayala, Librada. Benítez, Osmar…" Akasoma yote mpaka mwisho kwa sauti ya kuita mahudhurio, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akainua macho. "Kampuni ipo, Don Derlis. Wewe ndiye haupo."

Mlango ukafunguliwa. Ña Librada aliingia na jagi la tereré, chai baridi ya kwao, lenye barafu na majani ya mnanaa, akammiminia mgeni kwanza.

"Don Teófilo, karibu sana. Tumesikia unataka kutununua. Tumefurahi, maana hatukujua kama tuna thamani hiyo. Kwa hiyo kuanzia Machi bei ya kupokea simu zako inapanda. Osmar ana mkataba mpya hapo nje."

"Huu ni wizi!"

"Basi tuziache simu zako kuanzia sasa hivi? Zinalia saba kwa pamoja. Hebu sikiliza."

Akasikiliza. Zilikuwa zinalia kweli. Mauzo yake yalikuwa yamepanda tangu zianze kupokelewa, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikunywa tereré ya watu mpaka barafu ikabaki kavu, akatoka, akasaini, akashuka ngazi zote nne akilaani kila ghorofa kwa zamu yake.

Wakabaki wawili. Feni ilikuwa inazunguka.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Derlis.

"Siku ya tatu. Nilikwenda kuwaandikisha wenzangu bima, wakaniuliza namba ya mwajiri. Nikaitafuta. Hakuna mwajiri."

"Na hukwenda polisi?"

"Ningekwenda polisi ningepata kesi. Mimi nilikuwa natafuta kazi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Derlis. "Nina miaka sitini na mmoja. Mwaka mzima nimekuwa nafunguliwa milango na watoto wanaoniita bibi, halafu wananifungia. Wewe ulinipa meza. Ilikuwa ya uongo, lakini meza yenyewe ilikuwa ya kweli. Tukaamua tuitumie."

Derlis aliuvuta mkoba wake karibu na miguu.

"Sasa mwanangu," alisema Ña Librada, naye hajawahi kumwita hivyo kabla, "risiti zako zote umesaini. Kituo cha polisi kiko mtaa wa pili. Lakini vilevile kuna meza ya kumi na mbili, ile ya karibu na choo. Pesa zetu zilizobaki humo mkobani uzirudishe, kisha uanze. Unajua kuongea. Osmar naye anajua, ila yule ni mkweli mno, wateja wanachoka."

"Na nikitoka?"

"Mlango huo hapo. Kwa mguu wangu huu mbovu siwezi kukukimbiza ngazi nne."

Derlis alifungua mkoba, akaziweka noti mezani. Akabakiza tiketi ya basi. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini kabla ya saa tisa, na kituo cha mabasi kilikuwa mbali. Akasimama. Alikuwa ameshashika kitasa Osmar alipochungulia, kichwa kimetoka jasho.

"Derlis, nisaidie. Laini ya pili kuna mama ameletewa mabomba siyo. Anatukana hata marehemu wetu. Ametushinda wote."

Hakumwita mkurugenzi. Derlis alilitambua hilo. Alitambua pia kwamba mkono wake umekiachia kitasa na umeishika simu.

"Mama yangu mpenzi," alisema, na sauti yake ikalainika kama siagi iliyowekwa dirishani. "Usiseme kitu. Mabomba ya kijani? Kwenye nyumba ya mtu kama wewe? Nani huyo amekufanyia unyama huu? Hapana, nieleze taratibu, mimi nimekaa."

Alikaa kweli. Mama yule alilia kidogo, akacheka kidogo, akaeleza habari za mume wake, na mwishoni aliagiza mabomba mapya, masinki mawili na rangi ya ukuta. Derlis alipoweka simu chini, saa tisa ilishapita, na watu walikuwa wamesimama wanampigia makofi. Alishindwa aangalie wapi. Katika kazi yake ya zamani, waliokwisha kuuziwa kitu hawakuwa na kawaida ya kupiga makofi.

Mwisho wa mwezi Ña Librada alimkabidhi bahasha ya mshahara, wa kwanza maishani mwake. Derlis aliifungua palepale mezani, karibu na choo, akaisoma karatasi ya ndani mara tatu.

"Ña Librada, hapa pamepungua. Tisa kwa kila mia."

"Ni bima ya jamii."

"Nani amezichukua?"

"Serikali."

"Mimi sikumwona mtu."

"Huwezi kumwona. Zinakatwa kabla hazijakufikia."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Kwa watu wote? Nchi nzima?"

"Walioajiriwa kihalali, wote."

"Na wanawaahidi nini?"

"Kwamba ukizeeka watakurudishia kidogokidogo."

Derlis aliishusha karatasi. Feni ilikuwa ikimpepea, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata chembe. Aliikunja ile karatasi kwa uangalifu mkubwa, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe mimi nilikuwa nacheza tu."