Ofisi Isiyo na Moshi

"Ijulikane kwa wote: jiko la Ipogolo litakaloongoza kwa moshi litazimwa siku sitini, na rufaa hakuna."

Tangazo hilo lilibandikwa na mtunzi wake, Bwana Vitus, Mratibu Msaidizi wa Masuala ya Moshi. Usaidizi alikuwa ameukalia mwaka wa kumi na moja sasa, na ulikuwa umemchosha. Ijumaa mgeni rasmi angekuja kupokea matokeo. Likizimwa jiko moja tu mbele yake, neno "Msaidizi" lingefutwa mlangoni. Hata jiko lenyewe Vitus alishalichagua: la Rozalia, mama lishe wa barabara kuu, aliyewahi kumnyima nyongeza ya maharage.

Ilibaki sayansi tu. Sayansi ililetwa na Ikupa, binti wa Uyole, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, ambaye likizo yake ndefu aliitumia kupima kama mkaa wa pumba za mpunga una moshi kidogo kuliko mkaa wa kawaida. Pumba alizitoa Ubaruku, kunakolimwa mpunga. Mashine sita za kupimia alipewa na chuo: ya kwanza akaifunga kwa Rozalia, aliyekubali kupikia mkaa wa pumba, na nne akazitenga kwa vibanda vingine vya Ipogolo vyenye mkaa wa kawaida.

"Ya pili, baba, naomba sehemu isiyo na moshi kabisa. Ya kulinganishia."

"Sehemu hiyo ni ofisi yangu," alisema Vitus. "Kuna waraka."

Kweli ulikuwepo. Aliuandika mwenyewe.

Ikupa akachungulia chini ya meza. "Na hilo jiko?"

"Jiko gani?"

"Hilo hapo, baba. Linawaka."

"Hicho ni Kifaa cha Muda cha Kudhibiti Ubaridi."

Ilikuwa Julai, na Julai ya Iringa haina utani na mtu. Madirisha yalifungwa tangu Juni. Kila asubuhi Vitus alikiwasha kifaa chake kwa barua za wananchi wanaolalamikia moshi, ambazo kwa bahati nzuri hazikuwahi kuisha. Ikupa akaweka mashine juu ya kabati, akaomba athibitishiwe kwa maandishi kwamba hapo hapana moshi. Vitus akasaini, akakohoa, akagonga muhuri.

Wiki nzima Rozalia hakupata usingizi. Alhamisi akamsimamisha Vitus alipopita kibandani kwake, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, bosi. Watoto wangu wanasoma kwa jiko hili. Ukilizima siku sitini, tutakula nini?"

"Mama, hayo tuiachie sayansi."

"Haya, tuiachie," alisema Rozalia, machozi yakimlengalenga.

Ijumaa turubai likafungwa, viti vikapangwa, mgeni rasmi akaketi. Ikupa akasoma matokeo. Kibanda cha Rozalia, kinachopikia mkaa wa pumba, kilikuwa cha mwisho kwa moshi katika sehemu zote zilizopimwa. Rozalia akajishika kifua. Vitus akajikaza, jiko lolote lingemfaa.

"Inayoongoza ni sehemu namba mbili," Ikupa aliendelea. "Imekizidi kibanda cha Mama Rozalia mara tisa."

Vitus aliruka kutoka kitini. "Mara tisa! Huo ni uuaji, Mheshimiwa! Lizimwe leo leo, tusioneane haya!"

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi naye akapiga, kisha akauliza, "Namba mbili ni wapi?"

Ikupa akampa ile karatasi yenye sahihi na muhuri. Mgeni rasmi akaisoma mara mbili.

"Ni ofisini kwako, Bwana Vitus."

"Haiwezekani! Nakata rufaa!"

Mgeni rasmi akalichukua tangazo, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akamwonyesha. Vitus aliutambua mwandiko wake.

Mgambo wawili wakalitoa jiko kwa heshima zote, bado likifuka.

Jumatatu asubuhi Vitus alifika kwa Rozalia amevaa makoti mawili, meno yanagongana. Akanyoosha mikono kwenye mkaa wa pumba.

"Mama, naomba niote moto kidogo tu."

"Andika barua," alisema Rozalia, akiendelea kukoroga chungu. "Uambatanishe picha mbili. Na kama utataka maharage, hiyo ni barua nyingine."