Naserian wa Goti la Chuma Avuka Njia Sita

Je, ni nani kati yenu aliyewahi kuvuka barabara kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe, katika nchi hii ya Texas, akafika ng'ambo akiwa mzima na uji wake ungali moto?

Kimya. Nilijua. Basi wekeni simu chini, enyi mnaokwenda kwa gari hata kuchukua barua kwenye sanduku la mwisho wa mtaa. Aliye jikoni apunguze moto aje, na aliyejilaza akae vizuri, maana hili si jambo la kusikilizwa kwa sikio moja. Nitanena habari za Naserian binti Lemayian, Naserian wa Goti la Chuma, mama wa nesi, mkorogaji wa uji usio na madonge, ambaye siku ya Jumanne, mwezi wa sita, alivuka njia sita za magari na kisiwa kimoja. Mimi Mama Kalume nilikuwepo. Nilibeba mwavuli.

Kwanza mjue uwanja wa vita ulivyokuwa. Tunakaa pembeni mwa mji wa Katy, magharibi ya Houston, yeye kwa binti yake Everline, mimi kwa mwanangu nyumba ya tatu kutoka pale, katika mtaa uitwao Maziwa ya Korongo. Ziwa lenyewe ni shimo la maji ya mvua, na korongo nimemwona mmoja, naye alikuwa anapita tu. Nilipokuja mara ya kwanza, mbele yetu kulikuwa na malisho na ng'ombe kumi na mmoja. Nilikuwa nawahesabu kila asubuhi nikinywa chai. Nilipokuja mara ya pili ng'ombe walikuwa sita na barabara ilikuwa na njia nne. Safari hii ng'ombe hakuna hata mmoja, njia zimekuwa sita, na pale walipokuwa wakilala kuna vituo vinne vya kuoshea magari. Vinne! Nikamwuliza mwanangu, Kalume, magari haya yanachafukia wapi? Akasema, "Mama, hiyo ni development." Mji huu unaota mabega kila mwezi, na tumbo, na mashavu. Miguu ndiyo haujaota.

Ng'ambo ya barabara hiyo, kwenye maghorofa ya kijivu, orofa ya pili, anakaa Alida, binti wa Kirundi. Huyu Alida ndiye aliyekuwa akituchukua mimi na Naserian kila Alhamisi kutupeleka maktabani, darasa la Kiingereza la wazee, na hakuacha hata tumbo lilipofika kwenye usukani. Akajifungua mtoto wa kike. Mumewe Salvator alikaa naye siku tatu, kisha ghala analofanyia kazi likamwita, akawa anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mama yake mzazi yuko Kigoma. Ikawa siku ya kumi, na hakuna mwanamke mtu mzima aliyekuwa amekanyaga mlango ule.

Msiseme hakupongezwa. Alipongezwa! Katika kikundi chetu cha WhatsApp tuko watu mia moja arobaini na watatu, na mia moja na ishirini walimtumia mawaridi yanayometameta. Wengine walituma mikono ya kuomba, miwili miwili. Tena ikaundwa kamati ya kwenda kumwona mtoto, yenye mwenyekiti na makamu, nayo ikakutana kwa simu mara mbili kujadili kama wageni wavae rangi ya pichi au ya bahari, ikakubaliana kwamba safari iwe Jumapili ya wiki ya nne, barabara zikiwa tupu. Na kila tulipompigia sisi, Alida alijibu neno lilelile: "Niko sawa, mama. Niko sawa."

Jumanne hiyo Naserian alikuwa amesimama dirishani jikoni kwa Everline. Kutoka pale baraza ya Alida inaonekana wazi, mita mia tatu, labda hazifiki. Akasimama muda mrefu, kisha akageuka, akanena:

"Mama Kalume! Zile nguo za mtoto zimeanikwa tangu Jumapili. Zimenyeshewa, zimekauka, zimenyeshewa tena. Mtu aliye sawa anaanua nguo."

Nikasema, "Everline ameahidi kutupeleka Jumamosi."

"Jumamosi mtoto atakuwa na meno! Mimi nimezaa saba. Siku ya kumi hakuna mwanamke aliye sawa. Siku ya kumi ukiulizwa jina lako unataja la mtoto. Huyu anasema yuko sawa kwa sababu anayemwuliza yuko ndani ya simu. Nitakwenda nimwulize nikiwa mbele ya macho yake, na uji mkononi, mpaka aseme anachotaka."

Ndivyo vita vilivyotangazwa. Msiulize kwa nini hatukungoja gari. Kwa gari ni dakika thelathini na tano. Unatoka langoni, unalazimishwa kwenda kulia, unafuata foleni mpaka lile daraja linalojengwa, unageuka, unarudi foleni nyingine, na wakati wote huo nyumba unayokwenda unaiona.

Akavaa silaha zake. Kiunoni leso ya kwanza, mabegani leso ya pili. Miguuni raba za mjukuu, ambazo mtoto alizikataa kwa sababu zawaka taa kisiginoni kila ukikanyaga. Kwapani chupa ya chai ya lita mbili, ndani yake uji wa wimbi wenye siagi na ndimu. Unga tuliupata duka la Wahindi, na ulichekechwa mara mbili. Tukatoka saa nne na dakika saba.

Njia ya miguu ilianza vizuri, pana, nyeupe, yenye miti midogo iliyofungwa kamba kama wafungwa. Tukasema, kumbe tuliwasingizia watu hawa. Tukaenda hatua sitini na mbili, nilizihesabu, na hapo njia ikakatika. Haikupinda wala haikupungua. Ilikatika kama mkate, na mbele yake bango lenye picha ya watu wazuri wanaocheka, limeandikwa kwamba majumba mapya yanakuja hivi karibuni. Baada ya bango ni majani. Na ndani ya majani, enyi wasikilizaji, walikuwa wamelala askari elfu wa siafu wekundu wa Texas, ambao hawatangazi vita na hawachukui mateka. Wakampanda Naserian mpaka kwenye goti. Wale walioshika goti la kushoto wakala nyama. Walioshika la kulia wakakuta ngozi, na chini ya ngozi chuma cha hospitali, nadhani wakaenda kuambiana. Hakupiga kelele. Aliruka mara nne, na taa za visigino zikawaka mara nne, lakini chupa haikuinama.

Mbele kidogo akainuka jitu. Naapa lilikuwa refu kuliko nyumba, jekundu, halina mfupa hata mmoja, mikono juu, likiinama na kuinuka na kututingishia kichwa mlangoni mwa kile kituo cha tatu cha kuoshea magari. Mimi nilirudi nyuma. Naserian akalitazama likijazwa upepo kutoka chini na kucheka bila sauti, akasema, "Huyu ndiye mtu pekee tuliyemkuta amesimama nje tangu tutoke, na yeye ni kitambaa." Tukampita.

Hata tukafika njia panda kuu. Hapo pana nguzo, na kwenye nguzo pana kitufe, na ndani ya kitufe pana mtu aliyefungiwa ambaye ukimbonyeza anasema kwa Kiingereza, Ngoja. Ngoja. Ngoja. Tukangoja. Jua lilikuwa la Houston, lile linalokupika kwa mvuke kama wali. Magari yakapita hata nikachoka kuyahesabu, na ndani ya kila gari mtu mmoja, peke yake, amefunga vioo. Wengine walitutazama kama tulivyolitazama lile jitu. Mama mmoja alishusha kioo akatupatia chupa mbili za maji, akauliza kama kuna mtu wa kumpigia. Mungu ambariki, lakini tulikuwa tunavuka barabara tu.

Kisha kikatokea kimtu cheupe cha taa, na chini yake namba: kumi na nane. Sekunde kumi na nane za kuvuka njia sita! Naserian akapaza sauti, "Twende, Mama Kalume!" Tukaingia. Kumi na tano, tukapita njia ya kwanza. Kumi na mbili, pikapu nyeupe ambayo magurudumu yake yalinifika kifuani ikakata kona mbele yetu, dereva akitazama kushoto, kushoto tu, kana kwamba kulia Mungu hakuumba kitu. Naserian akasimama, akainua mkono wake mmoja mbele ya chuma kile chote, na pikapu ikasimama. Ilisimama! Dereva alikuwa anatafuna kitu akaacha kutafuna. Tisa. Saba. Goti likaanza kulalamika. Tatu, mbili, na tukaangukia kisiwani, kile kipande cha zege katikati chenye maua ya manjano, huku nyuma yetu magari yakifunga kama mlango.

Tukapumua. Tukatafuta kitufe cha kumalizia nusu ya pili.

Hakuna kitufe.

Nilizunguka nguzo ya taa ya pale kisiwani mara tatu. Kitufe kiko tulikotoka, kingine kiko tunakokwenda, na kisiwani wamepanda maua. Na kimtu cheupe hatoki mpaka mtu abonyeze, na hakuna wa kubonyeza, kwa sababu katika mji huu wote waliokuwa wakitembea kwa miguu asubuhi hiyo tulikuwa wawili, na wote wawili tulikuwa kisiwani.

Hapo simu ikalia. Ni Everline, kutoka hospitali, mjini kabisa.

"Mum, uko wapi? Camera ya mlango imenionyesha mmetoka na thermos!"

"Niko katikati ya barabara."

"Katikati ya... Mum! Hapa watu hawa-walk! Please, rudini nyumbani, nita-drive nyinyi Saturday, si nilisema?"

"Everline," akajibu Naserian, sauti imetulia kama ya hakimu, "kurudi hatuwezi, kwenda hatuwezi. Wewe endelea kuhudumia wagonjwa. Nikifa, uji ni wa Alida." Akakata simu.

Tulikaa kisiwani dakika ishirini na sita. Mimi ni mtu wa subira, lakini nilianza kuwaza tutakula nini. Ndipo likaja gari la askari, taa za buluu na nyekundu, kwa maana kuna mtu mwema alikuwa amewapigia kwamba vikongwe wawili wenye mashuka wamepotea. Akashuka kijana mrefu mwenye miwani ya giza, akavua kofia, akasema kwa adabu tuingie garini aturudishe nyumbani.

Naserian akajikokota akasimama wima juu ya maua, akanena kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha Alhamisi hakikutosha:

"Ewe kijana mwenye bastola! Hatujapotea. Aliyepotea ni yule aliyejenga barabara hii, akakumbuka kuosha magari mara nne na asikumbuke kwamba mtu ana nyayo! Yule pale juu amezaa, ana siku kumi, hajaonwa na mtu. Mimi nimepanda ndege mbili, nimewekwa goti la chuma, nimeliwa na siafu wa serikali yenu. Sitarudishwa nyumbani kama mbuzi aliyetoroka. Sitaki gari lako, gari lako litapita darajani tutafika Krismasi. Unionee huruma kwa kidole kimoja tu!"

Yule kijana akanigeukia mimi. Nikafasiri:

"Baby. There. Button."

Akatazama orofa ya pili. Akatazama foleni ya darajani, ambayo hata yeye na taa zake asingeipasua. Akatazama nguzo yetu, akaizunguka kama nilivyoizunguka. Kisha akasema, "Yes, ma'am," akanyoosha mkono kusimamisha magari, akavuka mpaka ng'ambo, na dola yote kuu ya Texas, yenye farasi na visima vya mafuta, ikainua kidole kimoja na kubonyeza.

Ngoja. Ngoja. Ngoja. Tukatoka.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, wafundishwe watoto shuleni: kwamba saa tano na dakika kumi na mbili Naserian binti Lemayian aliweka raba yake inayowaka juu ya ukingo wa ng'ambo, baada ya mwendo wa mita mia tatu uliochukua saa moja na dakika tano, kwamba askari alimpigia saluti, au alijikuna paji la uso, mimi nasema ni saluti, na kwamba ngazi za orofa ya pili, kumi na nane, alizipanda mguu mmoja baada ya mwingine bila kushika ukuta.

Tukapiga hodi. Mnyororo ukasikika, mlango ukafunguka kidogo. Alida alikuwa na shati lililochafuka maziwa mabegani, nywele upande mmoja zimesimama, mtoto kifuani. Alipotuona alifungua mdomo, na neno lile likatoka lenyewe:

"Niko sawa, mama. Karibuni. Niko sawa."

Naserian aliingia, akatafuta kikombe, akakikosa kisafi, akakiosha, akafungua chupa. Mvuke ukapanda mpaka kwenye kope zake. Akakiweka mezani, akajifuta mikono kwenye leso, akasimama mbele ya yule binti karibu kabisa, kiasi cha kusikia pumzi.

"Alida, mwanangu. Mimi si simu. Unataka nini?"

Alida akatazama uji, akanitazama mimi na mwavuli wangu, akatazama mlango wa bafu uliokuwa wazi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, mtoto akiwa juu yake.

"Munishikie mutoto," akasema. "Tangu hospitali nilikuwa nataka tu kuoga. Kuoga na mulango umefungwa, maji ya moto, mpaka yaishe, bila kusikiliza kama analia."