Maiti wa Kamati ya Sanaa

Wapenda maendeleo wote wajulishwe kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyefutwa kazi Kakamega katika miaka ya neema ya sukari. Wapo watu mia moja na kumi waliogunduliwa kuwa wasanii. Mimi, Wanyonyi, nilikuwa Katibu wa Kamati ya Ugunduzi huo, na cheti changu cha masomo ya jioni nilikitundika ukutani ili kila aliyegunduliwa akione.

Mambo yalikuwa hivi. Miwa ilizidi mpaka matrekta yakapanga foleni barabarani siku mbili. Kiwanda kikaleta mashine za kuwasaidia watu, nazo zikawasaidia mpaka wakakosa la kufanya. Mwenyekiti wetu, Bwana Osundwa, akaamua wapewe sanaa. Tuligawa kwa haki. Wakata miwa walipewa uchongaji, kwa kuwa mapanga walikuwa nayo. Wachochea tanuri walipewa uchoraji, maana makaa hayakukosekana. Makarani wa mizani walipewa ushairi.

Kisha akaja Khalayi. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama langoni akiita zamu kwa sauti yake, jina kwa jina, mpaka kikaletwa king'ora cha umeme. Alikuwa mjane, ana watoto wanne katika nyumba ya kiwanda, na sheria haikuwa na utata: asiyekuwa na cheti cha usanii kufikia Ijumaa anatoa vyombo nje.

"Mama, chagua," nikamwambia. "Uchongaji, uchoraji au ushairi."

"Hayo siyajui, mzee. Mimi nalilianga watu matangani. Malava mpaka Mukumu wananiitanga."

"Kulia si sanaa. Hata mtoto mchanga analia."

"Huyo analia bure. Mimi nikilia napewa ingokho, kuku wa kienyeji, tena paja."

Nilifungua mwongozo. Ukurasa wa tisa ulisema msanii atahiniwe mbele ya Kamati akitumia malighafi ya sanaa yake. Malighafi ya mwombolezaji ni maiti, na Kamati haikuwa na fungu la maiti.

"Andika mimi," akasema Bwana Osundwa. Alikuwa mtu wa kujitolea. Vilevile alitaka kusikia sifa zake mapema, zikiwa bado moto.

Alhamisi asubuhi alijilaza juu ya meza ya Kamati, akafunikwa kitambaa cha meza mpaka kidevuni. Khalayi akashika usinga. Kwetu, mwombolezaji akishika usinga hakatizwi mpaka auweke chini mwenyewe; anayemkatiza anaita kifo kwake. Bwana Osundwa, mzaliwa wa hapa, alilijua hilo vizuri.

"Umelala, Osundwa, ndovu wetu!" Khalayi akaanza, na marehemu akatabasamu. "Umelala, na barabara ya Shinyalu umeifungua mara nne! Nani ataifungua mara ya tano, nasi hatujaiona?"

Tabasamu likapungua. Sauti ile, iliyozoea kufika mashambani, ilitoka dirishani ikaenda sokoni. Watu wakaanza kuja.

"Ulileta king'ora, Osundwa! King'ora kinamjua nani? Mimi nilijua mtoto wa Nanjala ni mgonjwa, nikamwita mama yake mwisho, amalize kumnywesha dawa. Nilijua mguu wa Lusweti ni mbovu, nikamwita kwanza, aanze kutembea. King'ora kinalia tu! Hakina machozi!"

Nanjala, aliyekuwa mlangoni, akalia kweli. Bwana Osundwa akainua kichwa kidogo.

"Maiti ametikisika!" akasema mtu.

"Ni upepo," akajibu mwingine. "Mama, endelea."

Ndipo akaingia Beldina, mke wa Mwenyekiti, amejifunga leso kiunoni, nyuma yake wanawake wenye sufuria. Akamwona mumewe mezani, akapiga yowe. Mumewe akamkonyeza. Beldina akaomboleza zaidi, maana hakukumbuka lini alikonyezwa mara ya mwisho.

Khalayi alilia saa mbili u nusu. Alipouweka usinga chini, Kamati nzima ilikuwa na kamasi. Nikampa cheti palepale, naye akaenda kuwaambia watoto wasifungashe.

Kumbukumbu za kikao niliziandika kwa ufupi, kwani masomo ya jioni yalitufundisha kutopoteza maneno: "Mwenyekiti, marehemu, aliombolezwa. Mtahiniwa alifaulu." Bwana Osundwa alizitia sahihi kama alivyozoea, bila kusoma, nikazipeleka mkoani. Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote nililowahi kuliona: rambirambi, pamoja na jina la Mwenyekiti mpya.

"Lakini mimi niko hai!" Bwana Osundwa akanifokea.

"Naona, mheshimiwa. Lakini sahihi ni yako."

"Basi andika tena, useme niko hai."

"Barua hiyo itasainiwa na Mwenyekiti. Mwenyekiti aliyepo hakujui."

Hakuwa na kazi tena, kwa hiyo akawa msanii kwa mujibu wa sheria. Nikamuuliza anaweza nini. Akafikiri sana, akasema anaweza kukata utepe. Sanaa hiyo haikuwa na nafasi. Iliyokuwa na nafasi ni moja tu: Khalayi alikuwa ameanza kufundisha vijana kuomboleza, na darasa lilikosa malighafi.

Jumatatu nilienda kukagua. Bwana Osundwa alikuwa amelala mkekani, vijana tisa wamemzunguka, akijaribu kueleza kuhusu barabara ya Shinyalu.

"Mzee," Khalayi akamwambia kwa heshima, "maiti huwanga hajitetei. Funga mdomo, tunaanza."